85, 135 au 200? Lenzi za mwanga mwingi kwa anayepiga potreti na michezo kwa kamera moja (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu.

Kama Jumamosi unapiga send-off na Jumapili upo pembeni ya uwanja wa basketi, na hela inatosha lenzi moja tu, swali la kwanza sio ipi inablua zaidi, swali la kwanza ni utakuwa unasimama wapi. Watu wananunua lenzi kwa kuangalia picha za mtandaoni, uso mkali huku nyuma kumeyeyuka, halafu wakifika sebuleni kwa mteja wanagonga ukuta kwa mgongo na bado bibi harusi hajaingia kwenye fremu.

Nazungumzia zile lenzi zisizozumu, zenye tundu kubwa la mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, mfano f/2, tundu ni kubwa), kuanzia milimita 85 hadi 200. Nitatumia Canon EF kama mfano kwa sababu ndizo zimejaa kwenye soko la mtumba huku kwetu, lakini hesabu ni zilezile kwa Nikon na Sony. Zipo tatu: 85mm f/1.8 ya mwaka 1992, gramu 425. 135mm f/2L ya 1996, gramu 750. 200mm f/2.8L II, nayo ya 1996, gramu 765. Hizo mbili za mwisho uzito ni karibu sawa na zote filta ni 72, ndo maana watu wanashindwa kuchagua.

Sasa twende kwenye umbali. Kwa fulu fremu (kamera yenye senso kubwa, milimita 36 kwa 24), ukitaka mtu mzima aingie kuanzia viatu hadi kichwa na nafasi kidogo juu, kamera umeigeuza wima, 85 inakutaka urudi nyuma kama mita 4.7. 135 ni mita 7.5. 200 ni mita 11. Sebule ya mita 11 wangapi wanayo? Na hata ukiwa nje, mita 11 pale Coco Beach upepo ukivuma unayempiga hakusikii, unaanza kupiga kelele "geuza bega, inua kidevu" na watu wote wanawaangalia, mteja anaona aibu na aibu inaonekana usoni. Kwenye 135 bado mnaongea kawaida. Kwenye 85 mnaongea kama mmekaa meza moja.

Kwenye kropu (kamera yenye senso ndogo zaidi, picha inaonekana imevutwa karibu) mambo yanabadilika kabisa. Canon za kropu unazidisha 1.6, kwa hiyo 85 inaona kama 136 na 135 inaona kama 216. Mwenye 80D au 700D akinunua 135 kwa ajili ya potreti za ndani ajue kabisa mtu mzima anamtaka arudi mita 12.

Upande wa basketi. Uwanja ni mita 28 kwa 15, mpiga picha unakaa chini nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni kidogo ya goli. Mchezaji anayeruka kwenda kwenye ringi anakuwa mita 4 hadi 8 kutoka kwako, anayekokota mpira katikati ya uwanja yuko kama mita 14. Kwa mita 10 kamera ikiwa wima, 85 inaonyesha urefu wa mita 4.2, 135 inaonyesha mita 2.7, 200 inaonyesha mita 1.8. Mita 2.7 ni mchezaji aliyeruka, mkono juu na mpira, kajaa kwenye fremu bila kukatwa. Hapo ndo 135 inapata jina lake. Lakini akishakaribia chini ya ringi lako mwenyewe, mita 4 au 5, 135 inamkata kichwa au miguu, na hapo 85 ndo mfalme.

Mwanga sasa. Viwanja vyetu vya ndani vingi taa ni hafifu, na vile vya nje vya usiku ndo usiseme. Tuseme kwa f/2.8 na shata 1/500 (muda wa kuingiza mwanga, kwa sekunde) kamera inataka ISO (usikivu wa senso kwa mwanga) 6400. Ukiwa na f/2 shata ileile unashuka ISO 3200, au unabaki 6400 na kupanda hadi 1/1000. Ukitumia ile lenzi iliyokuja na kamera inayoishia f/5.6 unatakiwa ISO 25600. Na hapa kuna jambo naomba watu walizingatie sana: wachezaji wetu ni weusi na jezi mara nyingi ni nyeupe. Kamera ikipima yenyewe inaikinga jezi, uso unatoka giza, ukienda kuuinua kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha) chenga zinajaa pale pale kwenye ngozi. Dawa ni kupima kwa ngozi tangu mwanzo, na kupima kwa ngozi kunakula mwanga. Kwa hiyo stopu moja (mwanga mara mbili) ya f/2 dhidi ya f/2.8 kwetu sisi ina thamani kubwa kuliko wanavyoiona waandishi wa ripoti za lenzi wa Ulaya.

Kuhusu kublua, kwa ufupi. Gawanya urefu wa lenzi kwa f yake. 85 kwa 1.8 ni milimita 47. 135 kwa 2 ni 67. 200 kwa 2.8 ni 71. Hiyo namba ndo inaamua mandhari ya mbali itayeyuka kiasi gani ukimpiga mtu kwa ukubwa uleule kwenye fremu. Ukiangalia vizuri 135 na 200 zimepishana kidogo mno, 85 imeachwa mbali. Ila 135 inakupa hiyo blua ukiwa karibu zaidi na mtu na inakupa stopu moja ya mwanga juu.

Msimamo wangu: fulu fremu, potreti na basketi, chukua 135 f/2. Kropu, chukua 85. Mpira wa miguu mchana, 200. Nakaribisha hoja.

#2

Mkuu umetisha. Mimi nina 80D na 50 f/1.8, napiga basketi ya mtaani na watoto wa shule, bajeti ni ya 85 tu. Ila nasikia ile 85 f/1.8 inaleta zambarau kwenye kingo, ni kweli au stori za watu?

#3 Mleta uzi

Kweli kabisa kaka. Ukiwa f/1.8 kwenye vitu vyenye weupe mkali na weusi pamoja, mfano shela dhidi ya suti nyeusi, au chuma cha goli kwenye jua, unaona utepe wa zambarau kwenye kingo. Ukifika f/2.8 unapungua sana. Usiku uwanjani huuoni kirahisi kwa sababu huna utofauti mkali kiasi hicho, na Lightroom inautoa kwa kubonyeza mara moja. Fokasi yake ni ya haraka, na 80D ina pointi 45 za fokasi, zote za msalaba (zinashika mistari ya wima na ya mlalo), hiyo ni mashine ya basketi kwa hela ndogo. Chukua bila wasiwasi.

#4

Mimi sikubaliani na uzi mzima tuongee ukweli. Mtu wa hela moja lenzi moja anunue 70-200 f/2.8 tu basi. Harusi anapiga, mpira anapiga, basketi anapiga, mkutano wa hadhara anapiga. Lenzi isiyozumu kwenye michezo ni kujitesa, mchezaji anakuja mbio wewe umekwama na 135 yako. Waandishi wote pale Kwa Mkapa wana 70-200 shingoni, kwani wao hawajui?

#5 Mleta uzi

Mkuu hoja yako ina uzito na siwezi kuipuuza. Waandishi wale wanafanya kazi kwenye uwanja wenye taa za mechi za kimataifa, na wengi wana kamera mbili, 400 kwenye moja na 70-200 kwenye nyingine. Taa za pale na taa za ukumbi wa shule ni vitu viwili tofauti kabisa. f/2.8 kwa taa nzuri inatosha, sina ubishi.

Lakini tazama hivi. 70-200 f/2.8L IS II ya 2010 ina gramu 1490, yaani unabeba mara mbili ya 135. Send-off inaanza saa moja jioni inaisha saa sita usiku, mkono unajua. IS (kituliza mtikisiko cha ndani ya lenzi) inatuliza mkono wako wewe, mchezaji anayekimbia haimtulizi, kwa hiyo kwenye basketi ile IS uliyoilipia haikusaidii kitu. Na bei, hata ya mtumba, inazidi 135 kwa mbali. Mtu mwenye uwezo wa 70-200 na anayefanya kazi ya habari anunue, tena asichelewe. Uzi huu ni wa yule ambaye akinunua 70-200 hana hela ya kununua taa wala memori kadi.

Halafu kukwama na 135 sio kukwama kama unavyosema. Unachagua eneo. Unaamua "leo napiga wanaoshambulia upande wa mbali na wanaorusha kutoka kwenye mstari wa faulo", unakaa sehemu inayolingana na hilo, na akija chini yako unamwacha apite au unapiga uso tu. Uso wa mtu anayegombea ribaundi, jasho limemjaa, meno yamekaza, mita 5 kwa 135, hiyo picha zumu iliyobaki kwenye 70 haikupi.

#6

Dada wa potreti nachangia. Mimi nafanya kitchen party na maternity, nimetumia 85 na 135 zote. Mleta uzi kasema kweli kuhusu kuongea na mteja, ila kasahau kitu kimoja, sura. Watu wanadhani lenzi ndo inapendezesha pua, hapana jamani, ni umbali. Ukisimama mita moja na mtu, pua inakuja mbele na masikio yanarudi nyuma, lenzi yoyote ile. Ukirudi mita 2 na nusu hadi 3 uso unatulia. Kwa hiyo 85 ukiisogeza karibu sana kutafuta uso tu bado inaweza ikamharibu mtu mwenye uso mpana, 135 inakulazimisha urudi nyuma na hapo ndo siri yake.

Kingine, kwenye f/2 mita 3 kwa 135 sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimita 6 tu. Mteja akigeuza uso kidogo jicho la karibu liko kali la pili limekwenda. Mama mjamzito amekaa pembeni, mkono tumboni, nataka jicho na mkono vyote vionekane, napiga f/4. Watu wanaona wamelipia f/2 basi lazima wapige f/2 muda wote hata picha ya familia ya watu watano. Shangazi wa nyuma anatoka ukungu, anauliza "mimi sikulipiwa?"

#7 Mleta uzi

Dada asante sana, hilo la umbali na sura ndilo lenyewe. Naongezea tu kwamba kwenye michezo hali inageuka, kwa mita 10 ile 135 f/2 inakupa kama sentimita 65 za ukali, mchezaji mzima anaenea. Kwa hiyo f/2 ileile inayokutesa kwenye potreti ya karibu, uwanjani inatembea bila shida kama fokasi ya kamera yako iko vizuri.

#8

Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko Nikon, D5600. Kuna jamaa anauza 135 f/2 DC na 180 f/2.8, zote za zamani, bei ni poa sana. Niingie?

#9 Mleta uzi

Boss ngoja kwanza. Zote mbili hazina mota ndani, zinategemea skrubu ya kwenye bodi, na D5600 haina hiyo skrubu, D3500 pia haina. Utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono. Kwenye potreti ya mtu aliyetulia inawezekana, kwenye basketi sahau. Na usijidanganye kwamba utahamia Z (kamera za Nikon zisizo na kioo) ukaweka adapta ya FTZ, nayo haina mota ya skrubu. Hizo lenzi ni za mtu mwenye D7200, D750, D500, D850 na ndugu zake. Kwa D5600 yako tafuta 85 f/1.8G, ina mota yake, gramu 350, kwenye kropu ya Nikon inaona kama 127. Siku ukihamia Z unaenda nayo kwa FTZ na fokasi inafanya kazi.

#10

Wakuu naomba msaada, napiga basketi ukumbini usiku, shata 1/800, picha tatu za mfululizo zinatoka rangi tofauti, moja njano, moja inaelekea kijani, moja giza upande mmoja. Nilifikiri lenzi imekufa nikaazima nyingine, ni vilevile. Shida ni nini?

#11 Mleta uzi

Lenzi yako nzima. Ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, zile taa za ukumbini nyingi zinapanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Shata ya 1/800 inakata kipande kidogo tu cha huo mzunguko, kila picha inakuta kipande chake. Angalia kwenye menyu kama kamera yako ina kizuia flika (huko kupanda na kushuka kwa mwanga wa taa), Canon walianza kuiweka kwenye 7D Mark II mwaka 2014 na 80D inayo. Ukiwasha, kamera inasubiri mwanga ufike kileleni ndo inapiga, kasi ya mfululizo inapungua kidogo ila rangi zinatulia. Kama kamera yako haina, piga RAW (faili ghafi la kamera) usahihishe rangi moja moja, au piga picha nyingi zaidi kwa kila tukio uchague. Na ukiwa na mirorlesi (kamera isiyo na kioo) tumia shata ya kawaida, shata ya kielektroniki kwenye taa hizo inakuletea mistari.

#12

Kwa Sony mnashauri nini? Nina A7 III.

#13 Mleta uzi

85 f/1.8 ya Sony ya 2017, gramu 371, ndo ya kuanzia na inatosha kazi nyingi. Hela ikiruhusu, 135 f/1.8 GM ya 2019, gramu 950, fokasi yake kwenye michezo ni ya hatari, mimi kwangu ndo 135 bora ya otofokasi niliyowahi kuishika. Sigma Art 135 f/1.8 ni kali kweli kwenye potreti ila inavuka kilo moja. Ile Samyang 135 f/2 ya fokasi ya mkono ni nzuri ya ajabu kwa bei yake, lakini michezo usiifikirie.

Wa Canon R mnaoiangalia RF 135 f/1.8 na wa Nikon Z mnaoiangalia Plena (135 f/1.8 yao), ni lenzi nzuri mno, ila zilitoka kwa zaidi ya dola 2,000 kule Marekani, ongeza usafiri na ushuru halafu fanya hesabu mwenyewe.

#14

Niko Zanzibar hapa Mji Mkongwe. 200 msijaribu kwenye vichochoro vyetu, ukirudi mita 11 kati yenu wamepita wabeba mizigo, vespa na watalii. 85 ndo lenzi ya huku. Ila nilitaka kuwakumbusha fangasi. Mtumba wa pwani uangalieni kwa tochi. Nimemwona ndugu yangu kauziwa lenzi nje inang'aa, ndani nyuzi kama utando wa buibui.

#15 Mleta uzi

Umesema jambo la maana sana ndugu yangu, na Dar, Tanga na Mombasa ni hivyohivyo. Ukaguzi wangu uko hivi: toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma, angalia kutoka mbele kwa kuchezesha pembe. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi au ukungu mweupe, rudisha. Halafu iweke kwenye kamera YAKO, piga f/2, kisha f/4, kisha f/8. Kama f/2 inapiga na f/4 Canon inakutolea Err 01, mara nyingi mfumo wa kufunga tundu la mwanga umekufa, na hicho kitu ukiangalia kwa macho tu huwezi kukiona. Halafu fokasi kitu cha karibu, kitu cha mbali, rudia haraka haraka, sikiliza kama inalia.

Nyumbani usiihifadhi kwenye begi lililofungwa muda wote. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na silika jeli linatosha, na mara kwa mara itoe uitumie kupiga picha kwenye jua.

#16

Mimi ni wa mpira wa miguu, ndondo na ligi za mikoa. Nina 6D. Mleta uzi umesema 200 mchana, je hiyo 200 f/2.8 inafika kweli? Nimeona jamaa wanasema bila 300 hamna kitu.

#17 Mleta uzi

Inafika nusu ya kazi. Kwa mita 30, kamera ikiwa imelala, 200 kwenye fulu fremu inaonyesha upana wa mita 5.4, yaani wachezaji wawili wanaogombea mpira wanakaa vizuri. Zaidi ya hapo unaanza kukata kwenye kompyuta. Ila blua inapungua, kwa mita 30 ukali unaenea karibu mita 4, kwa hiyo mashabiki, pikipiki na mabango nyuma vinaonekana. Ndo maana wenye hela wanabeba 300 na 400 f/2.8, fanya ile hesabu ya kugawanya uone, 300 ni milimita 107, 400 ni 143.

Kwa hela yetu, tafuta eksitenda ya 1.4 (kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera kuirefusha lenzi), inaigeuza 200 kuwa 280 f/4, na jua la saa kumi f/4 inakutosha kabisa kwa 1/1000. 135L nayo inaikubali, inakuwa 189 f/2.8, ndo maana nasema mwenye 135 na eksitenda kafunga mambo mengi. 85 haiikubali.

Kuhusu 6D, pointi ya katikati peke yake ndo ya msalaba na ndo ya kuiamini, nyingine za pembeni kwenye mbio zinakuangusha. Weka AI Servo (fokasi inayomfuata anayekimbia), pointi ya katikati, mlenge kifuani sio usoni, fremu iache pana kidogo utakata baadaye. Na kwenye 200 kuna swichi pembeni, iweke mita 2.5 hadi mwisho, lenzi isiende kuhangaika kutafuta nyasi za karibu mchezaji akipotea kwenye fremu. 135 nayo inayo, ni 1.6.

#18

Nimeshawishika na 135. Nina Canon R8 na adapta ya EF, fokasi ya macho itafanya kazi kwenye 135L ya zamani hivyo?

#19 Mleta uzi

Inafanya kazi vizuri sana, na una bahati moja ambayo sisi wa DSLR (kamera zenye kioo) hatuna: fokasi inapimwa kwenye senso yenyewe, ule ugonjwa wa kufokasi mbele au nyuma ya jicho haupo, huna haja ya kurekebisha kwenye menyu. R8 haina kituliza mtikisiko ndani ya bodi na 135L haina IS, kwa hiyo kwenye potreti za jioni usishuke chini ya 1/200, kwenye basketi utakuwa 1/500 kwenda juu hiyo haikuhusu. Betri ya R8 ni ndogo, nunua ya pili kabla ya mechi. Ukishapiga weka picha hapa tuone, hasa za ndani.